Gando la kaa kwenye pete ya piridini

Shikamooni wakubwa, na nyie vijana mambo. Haya ni maongezi kuhusu asidi ya pikoliniki niliyoyatoa siku ya sayansi shuleni kwetu hapa Tanga, waliokosa wakaniomba niyaandike, basi nimeyaandika vilevile nilivyoongea, na pale watu waliponikatiza nimepaacha manake maswali yao mengine yalikuwa na utamu kuliko mimi.

Nilianza na mirija mitatu mezani. Kila mrija una maji na chembe za unga mweupe ulioyeyushwa, na ule unga ungewekewa kwenye visosi vitatu usingejua kipi ni kipi, wote mweupe, wote fomula yake ni moja, C6H5NO2, wote uzito wa moli ni gramu 123 na kitu. Nikamwita binti mmoja wa fomu faivu aje mbele, nikampa kichupa cha maji ya feri salfeti niliyoyatengeneza asubuhi hiyohiyo, hiyo ni chumvi ya chuma ileile iliyomo kwenye vidonge vya damu wanavyopewa wajawazito kliniki. Nikamwambia dondosha matone matatu kila mrija usiogope. Akadondosha. Wa kwanza kimya, wa pili kimya, wa tatu ukageuka palepale, njano inayovutia wekundu, kama chai ya rangi uliyoitia maji mengi. Binti akarudi nyuma hatua moja kama vile umemwita jina! Ukumbi ukacheka.

Sasa huo mrija wa tatu ndo asidi ya pikoliniki, na ndo mgeni wetu wa leo. Ile miwili mingine ni ndugu zake wa tumbo moja, asidi ya nikotiniki ambayo nyie mnaijua kwa jina la niasini, vitamini B3, na asidi ya isonikotiniki ambayo ndo mama wa isoniazidi, kidonge cha TB. Watatu hawa wana pete ileile, inaitwa piridini, kaboni tano na naitrojeni moja zimeshikana mikono kwa duara, alafu nje ya pete kuna kikundi cha kabokisili, kile kinachoifanya iwe asidi, kimening'inia. Tofauti yao yote iko hapo kilipomening'inia. Ukianza kuhesabu kwenye naitrojeni, namba moja, kikundi kikikaa namba mbili umepata pikoliniki, kikikaa tatu ni niasini, nne ni isonikotiniki. Basi. Ni kama nyumba tatu za ramani moja ila mlango wa kila moja umetobolewa ukuta tofauti, na wewe unayeishi ndani unajua hiyo siyo tofauti ndogo hata kidogo.

Mzee mmoja mbele akauliza, mwalimu hilo jina pikoliniki limetoka wapi mbona kama la Kitaliano. Nikamwambia mzee wangu limetoka kwenye lami. Mwaka 1846 mkemia wa Scotland, Thomas Anderson, alikuwa anachezea lami ya makaa ya mawe, ule uchafu mweusi uliokuwa unabaki viwandani, akapata mafuta fulani akayaita pikolini, kutoka neno la Kilatini la lami, pix. Baadae 1879 Hugo Weidel wa Austria akagundua yale mafuta kumbe ni aina tatu, akazitenga, akaoksidisha kila moja kwa pamanganeti baridi, na kila moja ikampa asidi yake. Ile moja akaitambua, ilikuwa asidi ya nikotiniki aliyokuwa kaipata mwenyewe 1873 kutoka kwenye nikotini ya tumbaku. Ile nyingine akaipa jina Picolinsäure, ndo asidi ya pikoliniki kwa Kijerumani. Alafu ili ahakikishe zote ni watoto wa pete moja akazichoma pamoja na chokaa, zote zikapoteza kabokisili zikabaki piridini tupu, na piridini jamani kama hujawahi kuinusa mshukuru Mungu, ni harufu ya samaki aliyesahauliwa kwenye mfuko tangu juzi.

Tuje kwenye gando. Hapa kila mtoto amewahi kubanwa na kaa kule mikokoni, kwaiyo sina haja ya kueleza sana. Kaa akikubana hakubani kwa kidole kimoja, anabana kwa viwili vinavyokutana. Naitrojeni ya pete ina jozi ya elektroni iliyo huru, na kabokisili ikishapoteza haidrojeni yake inabaki na oksijeni yenye chaji hasi. Kwenye pikoliniki hivi viwili vimekaa jirani kabisa, vinaangaliana, kwaiyo ayoni ya metali, yani chembe yake yenye chaji, ikipita hapo, chuma, zinki, shaba, kromiamu, inabanwa huku na huku, na ukihesabu utaona metali imekuwa sehemu ya pete mpya ya watu watano. Pete ya watano ni imara. Wataalam wa kemia huo ushikaji wamechukua jina lake kwenye Kigiriki, neno lenye maana hiyohiyo ya gando la kaa, sisi wa pwani tulikuwa nalo mfukoni siku zote. Sasa kwenye niasini kabokisili imeruka nyumba moja, kidole kimoja huku kingine kule, haviwezi kukutana kwenye ayoni moja. Isonikotiniki ndo kabisa, viko pande mbili za pete, wamepeana mgongo. Ndo maana mirija miwili ilikaa kimya na mmoja ukabadilika rangi, na kipimo hiki cha chuma ni cha zamani sana, wakemia wa karne ya 19 walikitumia kujua kama asidi imekaa jirani na naitrojeni au la, kabla hawajawa na mashine yoyote.

Huo ujirani unaonekana hata kwenye joto. Pikoliniki inayeyuka kwenye nyuzi 137 hivi, niasini 236 hivi, isonikotiniki inavuka 300. Maelezo ya kawaida ni kwamba pikoliniki inashikana na nafsi yake kwa ndani, haidrojeni ya kabokisili inaegemea naitrojeni ya mwilini mwake mwenyewe, hivyo haiwashiki sana majirani, ukiipasha kidogo inaachia. Wale wengine hawana wa kumwegemea ndani kwaiyo wanashikana wao kwa wao kama watu kwenye daladala.

Haya. Mwilini je? Kila mmoja wenu hapa anatengeneza asidi ya pikoliniki saa hizi akiwa amekaa. Inatoka kwenye triptofani, amino asidi tunayoipata kwenye maharage, dagaa, mayai, nyama. Zaidi ya asilimia 90 ya triptofani inayovunjwa mwilini inapita barabara moja inaitwa ya kinurenini, na barabara hiyo ikifika mbali inakuta njia panda. Kuna kitu kimoja hapo katikati, hakijatulia, jina lake refu wanalifupisha ACMS. Kikiachwa kinajikunja chenyewe bila msaada wa mtu kinakuwa asidi ya kwinoliniki, na hiyo inaendelea mpaka kuwa NAD, ile ambayo seli zote zinaitumia kupata nguvu. Lakini akitokea kimeng'enya kinaitwa ACMSD, kipo zaidi ini na figo, kinamnyofoa ACMS kaboni dayoksaidi kabla hajajikunja, na sehemu ya kinachobaki kinajikunja kuwa pikoliniki. Nyingine inaenda kuchomwa kama kuni.

Kwaiyo hapo ni mvutano. ACMSD ikiwa na nguvu sana, triptofani haifiki kwenye NAD. Mfano mzuri uko nyumbani kwenu unalala juu ya friji: paka. Paka ana ACMSD kali mno, ndo maana hawezi kujitengenezea niasini kutoka kwenye triptofani, lazima aikute tayari kwenye nyama. Binadamu tunaweza, kama miligramu 60 za triptofani zinatoa miligramu 1 ya niasini, siyo nyingi lakini inasaidia. Na hapa ndo mahindi yanaingia, manake protini ya mahindi ina triptofani kidogo, alafu niasini yake imefungwa, ikifika tumboni haifunguki vizuri. Mtu akila ugali mtupu na mboga ya majani miezi na miezi anaweza kupata pelagra, ngozi kuchubuka shingoni na mikononi, kuhara, mwisho akili kuyumba. Kusini mwa Marekani pelagra iliua watu wengi sana mwanzoni mwa karne ya 20, Joseph Goldberger ndo akaonyesha ni chakula siyo vijidudu, na mwaka 1937 Conrad Elvehjem akaonyesha kwamba asidi ya nikotiniki ndo iliyokuwa inakosekana. Wenyeji wa Mexico walikuwa wanachemsha mahindi na chokaa tangu enzi, ile niasini inafunguka. Sisi dawa yetu ni maharage na dagaa pembeni ya ugali, nani atalalamika.

Kuna kitu kingine hapo njia panda na hiki ndo kinawafanya watu wa ubongo wasilale. Kwinoliniki ikizidi ni kali kwa neva, inagonga mlango fulani wa seli za ubongo unaitwa NMDA, inaugonga mpaka seli inachoka inakufa. Pikoliniki kwenye majaribio ya wanyama ilionekana kuzikinga neva dhidi ya hiyo hiyo kwinoliniki. Yani ndugu wawili wametoka njia panda moja, mmoja anachoma mwingine anamwagia maji. Mwaka 2016 watafiti walichapisha kwamba watu waliojaribu kujiua walikuwa na pikoliniki kidogo kwenye damu na maji ya uti wa mgongo kuliko wenzao, wakaanza kukiangalia hicho kimeng'enya ACMSD kwa jicho jipya. Sisemi pikoliniki ni dawa ya huzuni, nasema mizani ile inaangaliwa. Na mwili ukipambana na ugonjwa barabara yote hii inawaka moto, seli za kinga zinavunja triptofani kwa fujo. Kwenye maabara pikoliniki ikishirikiana na intaferoni gama, kemikali ya kinga ya mwili, inaziamsha makrofaji, zile seli mlaji. Pia inanyima seli chuma. Tangu 1977 ilishaonekana kwamba ukiwapa seli pikoliniki zinasimama kuzaliana, na wengi wanaona sababu kubwa ni gando lile lile, seli inataka chuma ili igawanyike na mtu keshakibana.

Sasa nifike mahali nilipotaka kufika na watu wengine hapa watanichukia. Kromiamu pikolineti.

Shangazi yangu ana sukari, mwaka wa nane huu. Anashona nguo, mtu wa kazi, hapendi kuitwa mgonjwa. Mwaka juzi kuna muuzaji alimpitia nyumbani na makopo mazuri, picha ya mama mwembamba anaruka, akamwambia hii inashusha sukari na kitambi kwa pamoja, asili tupu, achana na midawa ya hospitali inaharibu figo. Shangazi akaacha metformini, kidonge chake cha sukari cha hospitali, akameza hiyo. Baada ya wiki sita tukampima, mashine ikasoma 19. Mkojo kila saa, macho yanaona ukungu. Nikaichukua ile chupa nikasoma maandishi ya nyuma kwa miwani, na ndo siku nilipoapa kuja kuiongelea mbele za watu.

Hebu tuielewe kwanza kitu chenyewe. Ayoni moja ya kromiamu ya aina ya tatu, yani yenye chaji chanya tatu, imebanwa na pikoliniki tatu, magando matatu kwa mara moja, pande zote zimezibwa. Chaji inakuwa sifuri. Ni fuwele nyekundu kweli kweli, nzuri kuangalia. Kwa vile haina chaji inapita utumbo vizuri kidogo kuliko kromiamu kloridi ambayo inafyonzwa chini ya asilimia 1, na hapo ndo biashara ilipozaliwa. Mtafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani, Gary Evans, ndo aliyeipigia debe miaka ya 80, kwa mawazo ya zamani kidogo ya mwaka 1959 ya Schwarz na Mertz kwamba kromiamu ni kitu cha lazima ili insulini ifanye kazi. Miaka ya 90 makopo yakajaa, yakauza mamilioni, kujenga misuli, kuyeyusha mafuta, kupunguza sukari, yote kwenye kidonge kimoja.

Alafu mambo yakaanza kupungua. 1996 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ikawabana wauzaji wakubwa waache kudai vitu wasivyoweza kuthibitisha. 2005 mamlaka ya dawa na chakula ya huko huko, FDA, ilikubali dai moja tu liandikwe kuhusu kisukari, na dai lenyewe lilisema uhusiano huo una mashaka makubwa, sijui ni nani atanunua chupa kwa maneno hayo. 2013 Cochrane, kundi la watafiti wanaopitia majaribio ya tiba, wakakusanya majaribio 9 yenye watu 622, wakakuta waliomeza walipungua kama kilo 1 hivi zaidi ya wenzao, na wakasema ushahidi haujatosha kuamua chochote kwa uhakika. Kilo moja! Unaipata kwa kuacha soda. Na 2014 mamlaka ya chakula ya Ulaya ikasema hakuna ushahidi wa kushawishi kwamba kromiamu ni kirutubisho cha lazima hata kidogo.

Kijana wa nyuma akauliza mwalimu kwani ina madhara. Swali zuri. 1995 watafiti waliweka kromiamu pikolineti kwenye seli za panya hamsta wakaona kromosomu zinakatika, na chumvi nyingine za kromiamu ya tatu hazikufanya hivyo, kwaiyo kidole kikaelekezwa kwenye lile gando. Lakini seli kwenye sahani siyo mtu, na baadae panya wa maabara, wadogo na wakubwa, walilishwa miaka miwili kwenye utafiti mkubwa wa serikali ya Marekani na saratani haikuonekana wazi. Kwaiyo sitaki kuwatisha, kipimo cha kawaida cha mikrogramu 200 watu wengi wanapita nacho salama. Ila kuna ripoti za madaktari za watu waliomeza zaidi ya mikrogramu 1000 kwa siku kwa miezi wakaishia na figo mbovu, na mwenye kisukari figo zake zinashindana na muda tayari. Ongeza hesabu hii mfanye wenyewe: uzito wa kromiamu ni 52, molekyuli nzima ni 418, kwaiyo kromiamu ni asilimia 12 tu hivi ya kromiamu pikolineti. Ili upate mikrogramu 200 za kromiamu unameza kama 1600 za kromiamu pikolineti yenyewe, na 1400 kati ya hizo ni pikolineti. Shangazi alidhani anameza kromiamu. Alikuwa anameza zaidi gando kuliko alichobana kaa.

Wa zinki pikolineti nao wapo, wanasema inafyonzwa kuliko zote, na wanategemea sana jaribio dogo la 1987 lenye watu 15. Mama zangu, zinki ya mtoto anayeharisha ni zinki salfeti, iko zahanati, na kipimo watakwambia hukohuko. Usiuze kuku kununua ya kopo.

Nikanywa maji hapo, alafu bwana shamba mmoja akasema tumekusikia dawa za watu, sisi wa mashambani je. Kumbe nilikuwa nimebeba vitu vyake vingi tu.

Chukua kimeta. Ng'ombe anakufa ghafla, damu nyeusi inatoka puani haigandi, mzee anakataza mzoga usichunwe, na mzee yuko sahihi. Yule bakteria akikosa chakula anajifungia ndani ya spora, na spora inaweza kukaa kwenye udongo miaka na makumi ya miaka. Ndani ya spora kuna ndugu wa pikoliniki mwenye magando mawili, asidi ya dipikoliniki, kabokisili moja namba mbili na nyingine namba sita, naitrojeni katikati, akiwa ameshika kalsiamu. Yeye peke yake ni kati ya asilimia 5 na 15 ya uzito mkavu wa spora. Anachukua nafasi ya maji kule ndani, DNA inakaa kwenye ukavu, joto halimpati. Wa pepopunda naye ni hivyo hivyo. Ndo sababu kuchemsha vifaa vya hospitali kwenye sufuria hakutoshi, inatakiwa mvuke wa presha nyuzi 121. Na uzuri wake ukidondosha chumvi ya metali inayoitwa tebiamu kwenye dipikoliniki alafu ukamulika kwa mwanga wa ultravayoleti inang'aa kijani, watu wamejenga vipimo vya kugundua spora kwa kung'aa huko, hasa baada ya zile barua za kimeta za Marekani mwaka 2001.

Migomba sasa. Umeona mgomba wa kisukari majani ya chini yanageuka njano, yanavunjika shinani yananing'inia kama sketi, ukikata shina ndani kuna michirizi ya kahawia? Huo ni mnyauko wa fusari, ugonjwa wa Panama wanauita pia. Kuvu huyo anatoa asidi ya fusariki, ambayo ni pikoliniki yenye mkia wa kaboni nne kwenye namba tano, Wajapani waliipata mwaka 1934. Inabana shaba na chuma za mmea, inatoboa utando wa seli, jani linanyauka hata kama udongo una maji. Ni moja tu ya silaha zake, siyo zote. Matoke ya Bukoba na Uganda yanavumilia kuvu wa kwetu wa siku zote, ndizi sukari ndo zinaumia, lakini kuna aina mpya, TR4, ilithibitishwa Msumbiji 2013 na hiyo haichagui sana, kwaiyo mtu akija na kipandikizi kutoka kusini usikipokee kwa tabasamu. Cha ajabu asidi hii hii ya fusariki inazuia kimeng'enya chenye shaba kinachogeuza dopamini kuwa noradrenalini, presha inashuka, na Wajapani waliwahi kuijaribu kwa wagonjwa wa presha. Sumu ya mgomba, kidonge cha mzee. Haikufika mbali sana kama dawa.

Na dawa za magugu. Pikloramu, kampuni ya Dow ya Marekani waliitoa 1963 wakaiuza kama Tordon, ni pikoliniki iliyotiwa klorini tatu na amino moja. Inajifanya oksini, homoni ya kukua ya mmea, mmea wa majani mapana unakua hovyo mpaka unajinyonga, nyasi zinabaki. Vietnam ilimwagwa ikichanganywa na 2,4-D, dawa nyingine ya magugu, kwenye mapipa yenye mstari mweupe. Mdogo wake aminopiralidi ndo mjanja zaidi, ng'ombe anakula nyasi zilizopuliziwa, inapita tumboni haijavunjika, inatoka kwenye samadi, unaiweka kwenye nyanya zako na nyanya zinajikunja majani. Uingereza 2008 watu wa bustani walipoteza mboga hivyo mpaka dawa ikasimamishwa kuuzwa kwa muda. Kama una shaka na samadi ya mtu, panda maharage matatu kwenye kopo la samadi na udongo, matatu mengine kwenye udongo mtupu, subiri wiki mbili tatu uangalie majani. Bei yake ni maharage sita. Na hiyohiyo pikloramu kwa kipimo cha miligramu chache kwenye lita, watu wa maabara ya muhogo wanaitumia kukifanya kipande cha jani kichanga kiote viini vipya vya mmea.

Muuguzi mmoja alikuwa ameinua mkono muda mrefu, akasema na mimi nina pikoliniki yangu wodini? Nikamwambia unayo, ila imekufa kidogo. Sindano ya mgongo ya mama anayefanyiwa opereshini ya kujifungua, bupivakaini, ilitengenezwa Sweden 1957, na pete yake ni ya pikoliniki iliyoshibishwa haidrojeni, kiwandani wanaweza kuanzia kwenye asidi ya pikoliniki yenyewe. Gando limelegea hapo, halibani tena metali, limebaki umbo tu. Sorafenibu, kidonge cha saratani ya ini, nayo ina mkia wa pikolinamidi unaoingia kwenye mfuko wa kimeng'enya, na ini la watu wetu linajua saratani hiyo kwa sababu ya hepataitisi B na sumukuvu kwenye mahindi na karanga. Na ule mrija wa pili uliokaa kimya mezani, isonikotiniki, isoniazidi yake ilitengenezwa Prague 1912 na wakemia, ikakaa kabatini miaka 40 hakuna aliyejua inaua TB, mpaka 1952. Miaka 40 jamani, na watu wanakohoa damu.

Yule binti wa fomu faivu alikuwa bado amesimama karibu na meza, mrija mkononi. Akauliza, mwalimu nikitia asidi kali humu kaa ataachia? Nikamwambia jaribu. Akatia matone machache ya asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, akatikisa, ile rangi ya chai ikaanza kufifia mbele ya macho yetu, manake haidrojeni zimekwenda kukalia naitrojeni na kidole kimoja kimefungwa. Akatabasamu kama aliyemshinda mtu. Nikamwachia mrija.

Shangazi alikuwepo ukumbini, mstari wa tatu, amerudi kwenye metformini na sukari yake sasa inacheza kwenye 7 na 8. Wakati watu wanatoka nikamuuliza ile chupa umeipeleka wapi, akaniambia iko pembeni ya cherehani, kifuniko chake kinakaza vizuri, anawekea vifungo.